Simu yasema nimekula sawa, mizani na presha zakataa

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa miaka 44. Naishi Majengo na mume wangu, watoto wetu watatu na mavyaa wangu. Kazi yangu ni kuuza vitambaa mjini, kutwa nyuma ya kaunta.

Mwezi wa tatu nilikwenda kliniki na maumivu ya kichwa niliyodhani ni ya jua. Nikapimwa presha, ikawa 152 kwa 96. Uzani kilo 89, na urefu wangu ni sentimita 160. Daktari akaniandikia losartan, dawa ya presha, akaniambia nipunguze uzani na nipunguze chumvi, kisha nirudi. Vipi, hakuniambia. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, simlaumu.

Binti yangu akanitilia programu kwenye simu. Kila ninachokula naandika, yenyewe inajumlisha kalori. Nimepangiwa 1,500 kwa siku, na chini yake kuna mstari wa sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi, usiotakiwa kupita miligramu 2,000. Nikiwa ndani ya mpaka rangi ni kijani, nikipita ni nyekundu. Somo, nilikaza roho. Wiki mbili za kwanza zikanitoka kilo nne. Pete ikaanza kucheza kidoleni, mume wangu akasema hata kukoroma kumepungua. Nikaona nimeshaipata njia.

Tangu hapo ni wiki ya sita mizani haisogei. Yaenda 85, yarudi 86, yaenda 85. Juzi tulikuwa na harusi ya mtoto wa wifi yangu Kisauni, Ijumaa mpaka Jumapili. Jumatatu nikapanda mizani nikakuta 87 na nusu. Nililia bafuni. Presha nayo wiki iliyopita ilikuwa 148 kwa 94. Na simu yangu siku nyingi ni kijani! Mstari wa sodiamu hata nusu haufiki.

Nakula hivi. Asubuhi silesi mbili za boflo na soseji mbili. Mahamri nimeacha kabisa. Mchana dukani napika tambi za paketi, zile za dakika mbili, kwa sababu simu inasoma ile mistari ya bei nyuma ya pakiti na kalori zinaingia zenyewe, 350, sina haja ya kukisia. Usiku ndio mtihani. Kwetu anayepika ni mavyaa, na chakula chaliwa kwenye sinia, sisi wanawake na watoto pamoja. Naandika "wali, kikombe kimoja" na "samaki, kipande kimoja", nalala. Chai siandiki, na nakunywa vikombe vinne hivi kwa siku. Achari pia siandiki, kalori zake hazifiki hata kumi.

Nilinunua mizani ndogo ya jikoni. Siku ya kwanza nilipoiweka kando ya sinia na kupima wali wangu, mavyaa alirudisha mkono, akanyamaza, halafu akasema: "Nyumba hii hajapimiwa mtu chakula, hata mgeni." Hakula tena usiku ule. Mume wangu akaniambia nimuombe mamake radhi na niache mambo ya simu. Radhi nimeomba. Mizani iko kabatini.

Dukani kila mtu ana dawa yake. Mmoja asema kwa joto hili na jasho linavyotutoka, nisipokula chumvi nitaanguka. Mwengine aniuzia majani ya chai ya kutoa tumbo. Wa tatu asema kosa ni chumvi nyeupe, nitumie ile ya rangi ya waridi au ile ya potasiamu ya supamaketi. Nishike lipi? Na chakula cha sinia nitakihesabu vipi bila kuivunja nyumba?

Mwenye Mizani Kabatini,
Majengo

—

Marahaba mwanangu.

Nianze na yale machozi ya bafuni, kwa sababu ulilia bure. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ili harusi ikupe kilo mbili na nusu za mafuta, ungehitaji kula kalori 19,000 juu ya zile ambazo mwili wako unazitumia, kwa siku tatu. Biriani za harusi za Kisauni nazijua, nami si mtu wa kula kidogo, lakini hata huko hatufiki. Ulichokipata ni maji. Chumvi ya biriani na achari huyashika maji mwilini, na wali nao ukiwekwa akiba kwenye misuli na ini huwekwa pamoja na maji yake, kila gramu moja na gramu kama tatu za maji. Ukirudi kwenye chakula chako cha kawaida yatatoka yenyewe kwa siku chache, na nadhani unaposoma hapa yameshatoka.

Sasa neno chungu kidogo: zile kilo nne za mwanzo zilizokufurahisha, nyingi nazo zilikuwa maji hayohayo. Ulipunguza wali na sukari ghafla, akiba ikapungua, maji yakaondoka. Pete ilicheza kweli. Mafuta yaliyotoka yalikuwa machache kuliko mizani ilivyodai. Ndiyo maana nakuomba uache kupanda mizani kwa hasira. Ipande asubuhi, umeshatoka chooni, hujanywa chai, uandike, na mwisho wa wiki uchukue wastani. Uufananishe wastani na wastani wa wiki iliyopita. Ya Jumatatu baada ya harusi peke yake haina maana yoyote.

Tuje kwenye hizo wiki sita. Mwanamke wa umri wako na urefu wako, mwenye kilo 85, asiyefanya kazi ya sulubu, mwili wake hutumia kama kalori 2,000 kwa siku na kitu juu. Ungekuwa unakula 1,500 kweli, wiki sita zingekutoa kilo mbili mpaka tatu. Hazikutoka. Kwa hiyo huli 1,500. Sisemi wewe ni mwongo. Nasema simu yako ni kipofu, na upofu wake unaanza adhana ya Magharibi.

Ukiandika "wali, kikombe kimoja", simu huelewa wali mweupe wa maji, gramu 160 hivi, kalori 205. Huo si wali wa mavyaa wako. Wa kwenu ni wa nazi, na sinia halina kikombe. Fanya hesabu na mimi. Mchele kilo moja ni kalori 3,600. Nazi moja ya wastani ina nyama ya gramu 400 hivi, kalori 1,400. Machicha hubaki na sehemu yake, lakini wewe andika zote, afadhali ukosee upande huo. Jumla ni 5,000. Wali ukishaiva, pima sufuria na vilivyomo, kisha toa uzani wa sufuria tupu. Tuseme wali umebaki kilo mbili na gramu 600. Basi kila gramu 100 za wali ule ni kalori 190 hivi, na mtu mzima akila gramu 250, ambao ni mlo wa kawaida kabisa, amekula 480. Wewe umeandika 205. Kalori 275 zimepita pale mlangoni na hakuna aliyeziona.

Chai nayo. Ukiwa watia vijiko viwili viwili vya sukari, vikombe vinne ni vijiko vinane, kila kijiko kalori 16: ni 128, na maziwa hatujayahesabu. Umeshafika 400 na samaki wa kupaka bado hajaingia na tui lake. Hapo ndipo kilo zako tatu zilipobaki. Huhitaji kujinyima zaidi. 1,500 inakutosha, na tafadhali usiniteremke chini ya 1,200 bila mtaalamu wa lishe kukuangalia. Ziandike tu zote.

Kwa hiyo mizani itoke kabatini. Ila mahali pake ni jikoni, si kwenye sinia. Mtu hapimiwi chakula mbele ya watu. Mavyaa wako amesema kweli na mimi niko upande wake. Sufuria hupimwa, kwa sababu sufuria haina haya. Pima vinavyoingia vikiwa vibichi, pima sufuria ikishaiva, andika kwenye daftari: wali wa nazi wa nyumbani, kalori kadha kwa gramu 100. Mara moja kwa kila chakula inatosha, kwani mavyaa wako hapiki mapishi mapya kila siku. Halafu pima upawa mmoja wa wali, uujue uzani wake. Kuanzia hapo huna haja ya mizani tena, unahesabu pawa. Jihadhari na kosa moja tu linalowapata wengi: mchele mkavu na wali ulioiva si kitu kimoja kwenye simu. Gramu 100 za mchele ni 360, gramu 100 za wali wa maji ni 130. Ukichanganya, hesabu yote yaharibika.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayonitia hofu kuliko wali, maana hayaonekani. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120 na kidogo juu. Andika tarehe unapofungua mtungi. Lita moja ni kama kalori 8,300. Nyumba ya watu sita ikimaliza lita tatu kwa wiki mbili, ni kama kalori 300 kwa kila kichwa kila siku, ukitoa yale yaliyomwagwa baada ya kukaanga.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo iliyokupeleka kliniki.

Tazama ulichokifanya bila kujua. Simu inataka namba, ukaanza kuviacha vyakula visivyo na namba na kuvikimbilia vyenye namba. Mahamri hayana mistari ya bei, umeyaacha. Mbaazi hazina, nadhani nazo umeziacha. Soseji zinayo, boflo inayo, tambi za dakika mbili zinayo. Na mwanangu, chakula chenye namba ni cha kiwandani, na cha kiwandani ndicho kilichojaa chumvi. Programu ilikupeleka taratibu mpaka kwenye kile ulichokatazwa.

Utaniuliza: mbona basi mstari wa sodiamu ni kijani? Kwa sababu programu nyingi za aina hii hujazwa na watumiaji wenyewe. Mtu fulani huko aliko aliandika pakiti ile, akajaza kalori, akaiacha nafasi ya sodiamu tupu. Simu huihesabu tupu kama sifuri. Leo ukifika dukani igeuze pakiti ya tambi, usisome kwa simu, soma kwa macho. Pakiti moja na masala yake mara nyingi hufika miligramu 1,000 za sodiamu na kuzidi. Soseji mbili ni 600 mpaka 800. Silesi mbili za mkate, 250 na kitu. Umefika 2,000 kabla jua halijazama, na usiku bado, na achari bado. Simu yako inang'aa kijani.

Kalori na chumvi hazikai nyumba moja, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Achari ya embe ina kalori chache mno, na chumvi yake ni ya kuhifadhia embe miezi. Hamri ni kinyume chake: unga, tui, sukari na mafuta, hamri ya gramu 60 hukaribia kalori 200, lakini chumvi yake ni ya kuonja tu. Ukitazama kalori peke yake utaacha hamri na kula achari, ukidhani umefanya jambo la maana kwa presha yako. Mimi ningekupa hamri moja, na mbaazi zilizopikwa nyumbani, na yai la kuchemsha, asubuhi. Tambi zikae dukani kwa mwenye duka. Mchana chukua kiporo chako kwenye kontena, au muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, samaki wa jana na kachumbari. Ukinunua muhogo wa kuchoma barabarani mwambie muuzaji ndimu na pilipili, ile pilipili ya unga iliyochanganywa na chumvi aiache. Atakutazama. Muache akutazame.

Kipimo chenyewe ni hiki. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni chumvi gramu 5, kijiko cha chai kisichojaa. Vitu vingine, hasa vinavyotoka nje, haviandiki sodiamu, huandika chumvi kwa gramu. Zidisha kwa 400 upate miligramu za sodiamu. Na ukiona kalori za ajabu, elfu na mia ngapi kwa biskuti mbili, angalia kama si kilojuli, kipimo kingine cha nguvu ya chakula. Gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Chumvi ya sufuria nayo ina njia yake, na haihitaji mizani. Pakiti mpya ya chumvi ikifunguliwa, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba yenu ni watu sita. Gramu 5 mara sita mara siku 30 ni gramu 900. Pakiti ya kilo ikiisha kwa wiki tatu, kila mmoja wenu, mpaka yule mdogo ambaye anahitaji chini ya hapo, amekula karibu gramu 8 kwa siku za chumvi ya jikoni peke yake, kabla ya mkate na soseji. Hesabu hii haimtaji mtu wala haimlaumu mpishi. Ni pakiti na tarehe.

Kisha kuna chumvi zisizoitwa chumvi. Kibonge cha supu: karibu nusu ya uzani wake, wakati mwingine zaidi, ni chumvi, kwa hiyo kile kidogo cha gramu 4 kina kama miligramu 800 za sodiamu. Mpishi akitia viwili na bado akatia chumvi kwa mkono, ametia mara mbili. Magadi ya kulainishia maharagwe na kunde ni sodiamu. Loweka usiku kucha, mwaga maji, utaona magadi hayahitajiki. Ng'onda na papa mkavu viroweke, umwage maji mara mbili tatu. Ile poda ya povu ya kushushia gesi baada ya biriani mara nyingi hutengenezwa kwa sodiamu baikaboneti, na vidonge vya maumivu vya kuyeyusha kwenye maji vinaweza kuwa na miligramu 400 kila kimoja. Wewe uliyekwenda kliniki na kichwa, nadhani hivyo unavyo kwenye mkoba.

Na maji. Hili watu wa bara hawalijui, sisi twalijua mpaka tumeacha kuliona. Maji ya kisima chenu yana chumvi? Ulimi wa mtu huanza kuihisi sodiamu kwenye maji inapofika kama miligramu 200 kwa lita. Kwa hiyo ukiionja, ujue umeshafika hapo au umepita. Kwa sufuria ya wali si kitu kikubwa, kwani lita mbili zinagawanyika kwa watu sita. Lakini ukiyanywa na kupikia chai, lita mbili kutwa, ni 400 na zaidi, moja kwa tano ya siku yako nzima, kutoka kwa kitu ambacho hakuna programu itakayokuuliza. Maji matamu ya mtungi yawe ya kunywa na chai, ya kisima yafue na kuoshea vyombo. Na kuyachemsha hakuitoi chumvi, huizidisha.

Wale washauri wako wa dukani nitawapitia haraka. Jasho kweli lina chumvi, lakini muuza vitambaa kivulini na feni kichwani si mchukuzi wa bandarini; chakula chako cha kawaida kinakurudishia na kubakisha. Unachohitaji kwenye joto ni maji. Chumvi ya waridi ni chumvi, sodiamu yake ni ileile kwa kiasi kikubwa, tofauti ni bei, na huenda ukakosa aidini ambayo hutiwa kwenye chumvi yetu ya kawaida. Majani ya kutoa tumbo nisikusikie ukiyanywa. Mengi yana sena, ambayo ni dawa ya kuharisha: mizani itashuka kwa maji, na kuharisha huku unatumia losartan ni kuyatia mafigo mashakani.

Ya potasiamu ndiyo yenye neno. Ushahidi wake ni mzuri, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuipendekeza kwa watu wazima wengi badala ya chumvi ya kawaida. Lakini haiwafai wenye maradhi ya mafigo, na losartan yenyewe huizuia potasiamu isitoke mwilini. Zikikutana, yaweza kupanda kwenye damu ikaugusa moyo. Kwa hivyo usiinunue mpaka daktari apime damu yako, mafigo na potasiamu, akuruhusu. Mwambie wazi jina la dawa yako. Losartan yenyewe usiiache wala kuruka siku, hata ukijiona mzima. Uzani ukishuka na ukaanza kusikia kizunguzungu unaposimama, rudi kliniki, kipimo cha dawa huenda kikapunguzwa, na apunguze yeye, si wewe. Ukifika 180 kwa 120, au ukapata maumivu ya kifua, uso kwenda upande, ulimi kuwa mzito, hapo si suala la kuniandikia barua, panda tuktuk uende hospitali.

Bado mavyaa.

Uliingia jikoni kwake na chombo cha dukani, ukakiweka mbele ya chakula alichosimamia tangu alasiri, mbele ya wajukuu. Ulikusudia wali, yeye akasikia ubahili. Radhi umeomba, vizuri, lakini radhi bila maelezo humwacha mtu akijua umekosa na asijue ulitaka nini. Nenda kwake asubuhi, mkiwa wawili, siku ambayo hakuna haraka. Mwambie presha yako kwa namba. Mwambie daktari amesema nini. Usimwambie apunguze chumvi. Muulize: "Mama, mchuzi wa kupaka nitoe chumvi nusu, nitie nini usiwe chapwa?" Huyo ni mwanamke aliyepika miaka arubaini. Atakutajia ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari, tangawizi, kotmiri ya mwisho moto ukishazimwa, na mambo mengine ambayo mimi siyajui. Pengine atakufukuza uende ukatwange kitunguu saumu. Ukatwange.

Na umuombe sahani. Watu wa nyumba zetu humtengea sahani mwenye sukari na mwenye vidonda vya tumbo, na hakuna anayeona vibaya. Ukae palepale kwenye sinia na wenzako, na sahani yako ya pawa mbili, aliyokupakulia yeye kwa mkono wake. Kupakuliwa na mavyaa ni heshima kwenu nyote wawili, na wewe hesabu umeipata. Achari iwe siku ya Ijumaa.

Chumvi ishushwe polepole, robo kijiko kila wiki mbili hivi. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa, na mkishazoea, vya hotelini vitawawasha. Ikishushwa kwa siku moja mume wako ataleta kikopo cha chumvi mezani, na kikopo kikishakaa mezani hakiondoki tena.

Mwisho ni hiyo presha yenyewe, maana nimefanya kazi ya kuipima miaka mingi na nimeona ikipimwa vibaya kila siku. Usinywe chai wala kahawa nusu saa kabla. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupandana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usizungumze. Na kama mkono wako umejaa, omba kile kitambaa cha kufungia kilicho kikubwa, kwa sababu kidogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ilivyo. Kwa wastani, kila kilo inayotoka ya kweli hushusha ile namba ya juu kwa kama pointi moja, na chumvi ikipungua hushuka zaidi. Kushuka kutoka 148 si safari ndefu, ila usitarajie kuiona wiki hii.

Tarehe yako ya kurudi ikifika, usiende peke yako. Mchukue mavyaa. Kwa umri wake, na kwa chumvi iliyo kwenye sufuria ile anayokula na yeye, nadhani hajapimwa siku nyingi.

Somo